Lililiwa Upande Gani

Kijiwe chetu kina benchi moja la mbao ngumu, linalotosha watu watano wanaopendana au wanne walionuniana. Liko mbele ya kibanda cha kahawa cha Shangazi, chini ya bati kuukuu ambalo lilikuwa paa la mahali pengine kabla halijafika hapa, kwa hiyo lina matundu ya misumari ya zamani. Mvua ikinyesha, kila mtu analijua tundu lake. Asubuhi jua likiwaka, mwanga hupenya na kuangusha viduara vidogo juu ya benchi, ukubwa wa vifungo vya koti, navyo hutembea polepole kutoka ncha moja hadi nyingine. Cheche, fundi wa kuchomelea mageti ng'ambo ya barabara, ameahidi kuyaziba matundu hayo tangu mwaka juzi. Siku ya tatu baada ya jua kupatwa, alasiri, tulikuwa wanne hapo: Cheche mwenyewe, safari hii amekuja na kopo la lami kweli, Wembe kinyozi, Kona dereva mstaafu wa malori, na mimi, ambaye kwa miaka yangu ya kufundisha darasa la kwanza naitwa Mwalimu na kusikilizwa kidogo kuliko wote. Ndipo Dakika, fundi saa, alipofunga kioski chake kabla ya wakati, jambo ambalo hatujawahi kumwona akilifanya, akaja kujibana katikati yetu na daftari mkononi.

— Jamani, akasema, niazimeni macho.

— Ya kwako yameenda wapi? akauliza Wembe.

— Ya kwangu yalikuwa kwenye saa.

Hilo tulilijua. Siku ile barakoa ya kuchomelea ilikuwa moja tu, ile ya Cheche yenye kioo cheusi kuliko vyote, na bila hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuinua uso. Mtaa mzima ulipanga foleni mbele ya karakana yake, na kwa kauli moja tukamchagua Dakika ashike zamu. Dakika mbili kila mtu, nukta moja haiongezwi. Aliandika daftarini kila aliyeingia ndani ya barakoa na saa aliyoingia. Jina lake aliliweka la mwisho, kwa sababu, alisema, mgawaji hajipakulii kwanza. Foleni ikafika duka la dawa, ikakunja, ikazidi kurefuka. Alipoivaa yeye, namba sitini, jua lilikuwa limekuwa zima, mviringo kama sahani iliyooshwa.

— Sasa macho yetu utayafanyia nini? akauliza Cheche.

— Mama watoto leo yuko kliniki. Akirudi, lazima nimsimulie.

— Si umwambie ukweli, nikasema.

— Mwalimu, wewe hujui nilivyofungwa. Siku ya harusi ya binti yetu mimi nilikuwa nimelazwa, mguu umening'inizwa juu kama nyama buchani. Kesho yake akaja, akakaa kando ya kitanda, akanisimulia tangu asubuhi mpaka mwisho. Nani alilia. Nani alijifanya halii. Kiti kipi kilivunjika, na nani alikuwa amekikalia. Ni miaka kumi na tisa sasa. Watu wakiizungumza harusi ile, mimi nachangia. Nimewahi kumsahihisha mtu aliyekuwepo.

Tulicheka. Yeye hakucheka.

— Tangu hapo hajaniomba kitu. Juzijuzi wamemtoa mtoto wa jicho, jicho likafungwa, na lile jingine lina ukungu wake. Kaambiwa akae ndani, mapazia yashushwe. Akaniambia neno moja: niangalilie. Nami nikajibu, ondoa shaka. Siku ile jioni nikasema nimechoka. Juzi na jana nikasema kichwa kinauma. Leo asubuhi kaniwahi. Kasema akirudi atanichemshia maji ya kuoga, nikishatakata nianze kusimulia.

— Hapo umekwisha, akasema Kona. Maji ya moto hayachomi nyumba.

— Maana yake nini hapo?

— Maana yake koga kwanza.

Shangazi alipita na birika akijaza vikombe, akifuata mpangilio wa benchi kama anayemwagilia miche.

— Mimi siku ile nilikuwa hapa, akaanza.

— Subiri zamu yako, Shangazi, akasema Wembe. Dakika, andika. Halafu benchi lako hili, Shangazi, limeota meno. Linanikwaruza.

— Kaa vizuri, akasema Shangazi, akarudi kwenye jiko lake.

Wembe alikunja mguu mmoja juu ya mwingine.

— Nilikuwa na mteja kitini. Upande wa kulia nimemaliza, wa kushoto bado msitu. Nikasikia Dakika anaita namba ishirini na mbili. Nikamwambia yule bwana, tutarudi. Tukatoka wote wawili, yeye na shuka la kunyolea shingoni. Navaa barakoa, nainua uso, naona nini? Kichwa chake.

— Kichwa cha nani?

— Cha mteja. Kiko juu huko, kimenyolewa nusu. Ndipo nikaijua siri. Jua linaota nywele.

— Wembe.

— Ile miale mnadhani ni nini? Zikirefuka sana mwezi unapita kuzipunguza. Na ushahidi ninao. Tangu siku ile nywele za mtaa huu zimegoma kuota. Siku tatu sijapata kichwa.

— Hujapata kichwa, akasema Cheche, kwa sababu yule uliyemwacha nusu alitembea mtaa mzima akikutangaza.

— Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, akajibu Wembe kwa fahari, bila kuangalia amejiweka upande upi.

Dakika aliandika "nywele". Akalitazama neno hilo kidogo, kisha akaweka alama ya kuuliza kando yake.

— Huyo kaona vya kinyozi, akasema Kona. Mimi nimeendesha lori miaka thelathini na moja, niliona kilichotokea. Njia ni moja. Jua ni gari lenye mzigo, linapanda mlima kwa gia ya kwanza. Nyuma yake mwezi, kigari kidogo, kina haraka. Kikataka kulipita kwenye kona. Kikajikuta ubavuni, mbele hakiendi, nyuma hakirudi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Mvungu umeingiaje tena?

— Kilipita kwa chini. Na honi niliisikia.

— Honi ilikuwa ya gari la maji, nikasema. Foleni yetu ilikuwa imeziba barabara.

— Sawa, Mwalimu. Na harufu ya klachi?

— Cheche alikuwa anachomelea.

— Anachomelea na nini? Barakoa si ilikuwa kichwani kwangu?

Tukamgeukia Cheche. Cheche akainua mabega. Kwa kweli siku ile hakuwasha mashine hata mara moja, na harufu ya kitu kilichoungua ilikuwepo. Niliinusa hata mimi. Kona akanywa kahawa yake taratibu kama mtu aliyeshinda kesi.

— Kona, akasema Dakika akifunua daftari, wewe umeingia mara tatu.

— Ndiyo maana naijua habari yote.

— Mara ya tatu ulisema umetumwa na jirani mgonjwa, hawezi kuja, umwangalilie.

— Alikuwa mgonjwa.

— Nilikupa nafasi iliyokuwa imebaki kabla yangu.

— Nami nilikushukuru, au sikukushukuru?

Dakika aliandika "lori". Kalamu yake ilikuwa nzito. Nadhani alishaanza kumwona mkewe amekaa ukingoni mwa kitanda, sikio limeinama upande wake, na yeye amesimama wima akianza, kulikuwa na lori linapanda mlima.

— Niandike mimi, akasema Cheche. Mimi barakoa ni yangu. Hawa waliingia wageni, barakoa haikuwaambia kitu.

— Barakoa inasema?

— Inajua moto ni nini. Nilipotazama, kwa dakika zangu mbili, nikaona kazi ya fundi. Jua lilikuwa limepasuka. Sasa tangi lililopasuka huwezi kulichomelea likiwa limejaa, utalipuka nalo. Unalimwaga kwanza. Wakalimwaga upande, wakapiga kiraka, wakajaza tena. Kwa saa mbili na nusu. Mimi kazi kama ile ningeomba wiki.

— Akina nani hao?

— Mimi najuaje mafundi wa huko? Ila wanajua kazi, kovu sikuliona. Kosa lao moja, hawakujaza mpaka juu. Jana nilianika ovaroli saa nne, saa kumi jioni bado mbichi.

— Uliianika kivulini, kwenye geti la mteja, nimepita hapo, akasema Wembe.

— Na kiraka ni kiraka. Leo kipo, kesho kinabanduka. Kikibanduka kile kitaanguka wapi? Chini. Ndiyo maana leo nimekuja na lami, nizibe matundu ya Shangazi kabla mtu hajadondokewa na kipande cha jua akiwa anakunywa kahawa.

Basi tukajua kwa nini ahadi ya miaka miwili ilikuwa inatimizwa siku hiyo. Shangazi alilitazama kopo, akamtazama Cheche.

— Liweke chini kwanza hilo, akasema. Usifungue.

— Shangazi, hatari haina adabu.

— Nimesema liweke chini.

Dakika alifunga daftari juu ya kidole chake.

— Nina nywele, akasema. Nina lori. Nina kiraka. Mwalimu, wewe unanipa nini?

— Wingu, nikasema.

— Wingu?

— Nilikuwa namba thelathini na sita. Nilipoivaa likapita wingu. Niliona giza zuri kwa dakika mbili.

— Namba thelathini na sita, wingu, akasema kwa sauti ya chini. Nililiandika. Nilidhani utakuja kunidai zamu nyingine.

Sikudai, kwa sababu nyuma yangu walikuwa wamepangana watoto.

Alikuwa bado ameinamia daftari wakati mkewe alipojitokeza penye kona ya duka la dawa. Alikuja polepole, kiganja kimoja kimeufuata ukuta, kitambaa cheupe cha hospitali juu ya jicho moja na miwani myeusi juu ya kitambaa. Sote tulijaribu kuinuka.

— Kaeni, kaeni, shemeji zangu. Hamjambo?

— Hatujambo, shemeji. Pole na jicho.

— Limeshapoa. Wamesema wiki moja tu.

Shangazi alimsogezea kigoda na kumtilia kikombe. Mama yule alikaa, akanywa funda moja, kisha akaelekeza uso mahali ambapo mumewe alikuwa ameketi.

— Mume wangu, nimepita kioskini kwako nimeshika kufuli. Saa kumi haijafika vizuri. Nikasema, ama pamefiwa, ama mtu huyu yuko mahali anafundishwa uongo.

Wembe aliangalia viatu vyake. Kona akaanza kukohoa.

— Sikuja kugombana, akaendelea. Wala sitaki hadithi ndefu. Nimelala siku tatu gizani nikijaribu kulichora jua kichwani, na kila nikilichora nakwama mahali pamoja. Nina swali moja tu. Lililiwa upande gani?

Kwa mtu aliyeliona, swali hilo ni jepesi kama kuuliza mlango uko wapi.

— Kulia, akasema Wembe.

— Chini, akasema Cheche, wakati huo huo.

— Juu, akasema Kona, akiwa amechelewa kidogo.

Wakatazamana.

— Kulia, shemeji. Kichwa cha mteja nilikuwa nacho hapa, upande wa kulia mweupe.

— Sasa unamweleza mteja au jua? Ilikuwa chini. Tangi linapasuka chini, kwenye kutu.

— Nyie mlishika barakoa vibaya, akasema Kona. Mkaigeuza. Juu.

— Kona, inageukaje barakoa? Ina mkanda. Utavaa mdomo kwenye macho?

— Mimi nimeingia mara tatu.

— Mara tatu umeona juu?

— Mara tatu.

— Hebu lichore, akasema Cheche, akamnyang'anya Dakika kalamu na kumwekea Kona mkononi. Chora hapa ulichoona.

Kona aliishika kalamu. Akachora duara, duara zuri, maana mkono wake umezoea usukani. Kisha kalamu ikasimama juu ya karatasi, ikazunguka hewani, haikutua popote.

— Nilifumba, akasema.

— Ulifumba nini?

— Macho. Nimefika mbele, nimevaa, nikakumbuka mama yangu alivyotutisha utotoni, kwamba jua likiwa hivyo likikuona linakufuata. Nikafumba. Nikasema labda mara ya pili. Mara ya pili nikafumba kabla hata ya kuvaa. Ya tatu nilikwenda nimeshaapa.

— Na ukafumba.

— Barakoa yenyewe ina giza, nani angejua?

Hakuna aliyemcheka mara moja. Miaka thelathini na moja barabarani, milima na usingizi na breki zilizokatika, na mtu mzima huyu alikuwa amesimama kwenye foleni mara tatu kujaribu kumshinda mama yake. Wembe ndiye aliyeanza kucheka, kisha Kona mwenyewe, na benchi likatikisika.

Dakika hakuwa nasi. Alikuwa ameshavua kofia.

— Mke wangu, akasema. Mimi sikuliona.

— Najua.

— Unajua?

— Ungekuwa umeliona, ungeniambia limeanza saa ngapi kabla hujavua viatu. Siku tatu hujaniambia saa. Nikajua huyu hana kitu.

— Nilikuwa nashika zamu za watu.

— Hilo nalo nilijua. Nilitaka tu kusikia utatoka mlango gani. Akageuza uso kutufuata sisi, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti za pumzi zetu, akaongeza: Sasa ninyi wote hapa. Watu sitini, mtaa mzima umesimama barabarani tangu asubuhi hadi adhuhuri. Nani aliliona?

Nilitafuta jibu kama mtoto anayetafuta penseli aliyoishika mkononi, nikalikosa. Shangazi aliinua birika, akalitikisa karibu na sikio, akasikia masalia yanacheza chini kabisa.

— Inukeni, akasema.

— Kahawa imekwisha?

— Inayobaki ni kikombe kimoja na ni cha shemeji yenu. Inukeni kwenye benchi langu.

Tuliinuka, watu wazima watano, kila mmoja akijipangusa nyuma bila sababu. Shangazi alichukua kitambaa kibichi, akalifuta benchi kutoka ncha moja hadi nyingine, na maji yalipoingia kwenye mbao ikaonekana. Mstari mzima wa michoro midogo, imekwaruzwa kwa msumari, kumi na moja, imepangana kama viatu mlangoni. Wa kwanza ulikuwa duara lililobonyea kidogo ubavuni, kama chapati iliyoonjwa na mtoto. Wa pili umeliwa zaidi. Ukienda mbele duara linakwisha, linakuwa ukucha. Na ukucha wenyewe unazunguka, tumbo lake likihama upande, hata kufika mchoro wa kumi na moja duara limerudi, na pengo dogo limebaki ubavu wa pili.

Wembe aligusa sehemu aliyokuwa ameikalia.

— Meno, akasema.

— Bati langu lina matundu, mnalalamika kila siku, akasema Shangazi. Siku ile nyote mko ng'ambo, benchi tupu, nimebaki na jiko. Naangalia viduara vyangu naona vimeng'atwa. Vyote. Kila tundu na kijua chake, kila kijua kimeng'atwa mahali pamoja. Nikadhani macho yangu nayo yanataka hospitali. Nikawaita. Nani alinijibu?

Kila mmoja alikumbuka.

— Mlinijibu, Shangazi, subiri zamu yako. Nikachukua msumari. Kila nikirudi kujaza birika nachora pale mwanga ulipofika. Ulikuwa unajisogeza wenyewe, kazi yangu kuufuata tu.

Tundu dogo likipitisha mwanga huchora chini sura ya kile kinachoangaza, ila huigeuza, kama uso kwenye kioo. Kwa miaka thelathini niliwaonyesha watoto wa darasa la kwanza jambo hilo kwa pini na kipande cha karatasi. Siku ile lilipohitajika nilikuwa wa thelathini na sita kwenye foleni, nimeangalia kisogo cha mtu wa thelathini na tano. Nilisema hilo la kioo. La foleni nikalimeza.

— Itageuka, shemeji, lakini safari yake ni hiyo hiyo.

— Nitaigeuza mwenyewe, akasema mama yule. Nioneshe mahali.

Dakika alimshika mkono, akampigisha goti mbele ya benchi juu ya kofia yake, akakiweka kidole chake cha shahada kwenye mkwaruzo wa kwanza. Kidole kilizunguka, kikafika penye pengo, kikasimama. Kikarudi. Kikasimama tena.

— Hapa ndipo lilipoanza, akasema. Ilikuwa saa ngapi?

Mumewe alimtazama Shangazi.

— Nani alikuwa ndani ya barakoa ulipochora huu?

— Muuza magazeti. Alikuwa ameyabana yote kwapani.

Dakika alifunua daftari. Mikono yake, ambayo huokota skrubu isiyoonekana, ilikosea kurasa mara mbili.

— Namba nne, muuza magazeti. Saa tatu na dakika arobaini.

— Haya, akasema mkewe, na kidole kikasogea.

Wakaenda hivyo. Shangazi alisema aliyekuwa ndani, Dakika alisema saa, kidole kilisema lililobaki. Hapa alikuwa Wembe na mteja wake wa nusu kichwa: namba ishirini na mbili, saa nne na dakika ishirini na tano.

— Basi kulia kwako kulikuwa kweli, Wembe, akasema mama yule. Kwa dakika mbili.

— Na mimi? akauliza Cheche.

— Wewe ulikuwa namba ngapi?

— Ishirini na tisa, akasema Dakika. Saa nne na dakika arobaini na mbili.

Kidole kilipapasa.

— Chini. Kweli. Dakika mbili.

— Na mimi? akasema Kona.

— Shemeji, wewe ulifumba.

Katikati ya benchi kidole kiliupata ukucha mwembamba kuliko zote. Kilipita juu yake mara ya kwanza bila kuuona, ikabidi kirudi.

— Hapa palikuwa giza?

— Si giza, akasema Shangazi. Ni kama mtu kafunika taa kwa shati. Kuku wa pale nyuma waliacha kuchakura, wakasimama tu. Hata mimi nilijifunga khanga.

— Nani alikuwa ndani?

Shangazi aliangalia angani, mbali na Kona.

— Namba thelathini na nne, akasoma Dakika. Kona, mara ya pili. Saa tano kasoro dakika sita.

Tulicheka mpaka muuza dawa akatoka mlangoni kuangalia. Kona alicheka kuliko wote, ameshika tumbo, akisema tumwache, tumwache, aliye juu mngoje chini. Kicheko kilipotulia, mama yule alikuwa bado hajaondoa kidole.

— Na wewe hapa ulikuwa unaangalia nini? akamuuliza mumewe.

— Saa.

— Mishale ilikuwa wapi?

Dakika alikigeuza kiganja chake kingine juu. Akachora kwa kucha, polepole: mfupi hapa, unakaribia kugusa tano, mrefu hapa, umebakiza dakika sita, na ule mwembamba wa nukta, akasema, ulikuwa unapita hapa, naukumbuka, kwa sababu nilikuwa nauambia uende pole.

— Nani alilia? akauliza mkewe.

— Hakuna aliyelia.

— Nani alijifanya halii?

Dakika alifikiri.

— Mwalimu, akasema. Alipovua barakoa akasema wingu ni zuri.

Nikainama kukiokota kikombe changu.

— Kiti kipi kilivunjika?

— Hapakuwa na kiti. Tulisimama wote.

— Sawa, akasema. Rudi namba moja. Nisomee wote sitini, usiruke mtu.

Akarudisha kidole mwanzo wa benchi, na Dakika akaanza kusoma kwa sauti ile ambayo siku zote hutuambia saa bila kuulizwa. Cheche alikuwa amesimama na kopo lake la lami, haendi mbele wala nyuma.

— Shangazi, niyazibe au nisiyazibe?

— Ziba yote. Lile la pale acha.

— Mvua ikinyesha?

— Nitaweka sufuria.

Jua la alasiri lilikuwa limetuingia miguuni. Dakika alikuwa amefika namba kumi na moja, na kidole kilikuwa njiani. Kona, ambaye magoti yake yana safari nyingi, aliliangalia benchi, akamwangalia shemeji, akaliangalia benchi tena.

— Shangazi, naweza kukaa hapa pembeni kidogo?

Shangazi alimimina tone la mwisho kwenye kikombe cha mgeni, akalifunika birika tupu.

— Subiri zamu yako, akasema.